Maji kwa Mpunga Wenye Mimba

Nirupoma alikuwa mlangoni akichambua dengu. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba, na mgongo ulimuuma. Mama mkwe wake, Kironbala, alikuwa jikoni akikaanga vitumbua vya unga wa mchele.

Kesho kutwa ilikuwa siku ya kumlisha mjamzito. Kwao, mwanamke mwenye mimba hulishwa kila anachotamani. Akinyimwa, wanasema, mtoto huzaliwa akidondosha udenda.

"Haya, sema mapema," Kironbala aliita. "Unatamani nini?"

"Embe bichi kwa chumvi na pilipili, mama. Na samaki wa bwawani."

"Na nini tena?"

Nirupoma aliacha kuchambua. "Mwanao asiende Dhaka."

Kironbala aliinamia kikaango. Aligeuza kitumbua, akageuza na kingine.

Mkoba wa Haripodo, mume wa Nirupoma, ulikuwa bado umening'inia msumarini. Ni mkoba wa bluu, ulioshonwa mara mbili. Mwaka jana aliubeba hadi Dhaka kuendesha riksho, baiskeli ya kubeba abiria. Alirudi baada ya miezi mitatu, mbavu zinahesabika, na kikohozi juu.

Aliondoka kwa sababu mpunga uliwasaliti. Bonde lao hukaa chini ya maji nusu mwaka, kwa hiyo hulima mara moja tu. Mwaka jana, mpunga ulipoanza kutoa masuke, upepo wa moto ulivuma tangu mchana hadi jioni. Baada ya siku chache masuke yalikuwa meupe, yamesimama wima. Ukiyaminya, mapepe matupu! Hakuna hata cha kuwapa kuku.

Mwaka huu Haripodo alikuwa ameshasema neno lake. "Mpunga ukikataa tena, naondoka kabla ya mafuriko. Tutakula nini?"

Mtoto angezaliwa wakati huohuo wa mafuriko. Nirupoma alihesabu siku kwa vidole, akahesabu tena. Jibu halikubadilika.

Mara Haripodo akaingia mbiombio, bomba la kunyunyizia dawa mgongoni. Mkononi alishika chupa isiyo na karatasi wala jina.

"Nimepata dawa!" alisema. "Mwenye duka anaiita homoni. Anasema ukinyunyiza, mpunga hausikii joto. Nakwenda sasa hivi, kabla jua halijawa kali."

"Chupa yenyewe haina jina," Nirupoma alisema.

"Wewe unataka jina au unataka wali?"

"Nataka mume," Nirupoma alijibu. Alijiinua taratibu, mkono kiunoni. "Bibi shamba anapita leo. Nimemwona kule kwenye tuta. Msubiri umuulize. Kuuliza si ujinga."

Haripodo aliguna, lakini alisubiri. Mke mwenye mimba habishiwi bure.

Bibi shamba aliitwa Afroza. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, viatu vyake vimejaa tope. Aliichukua ile chupa, akainusa, akakunja uso.

"Twende shambani kwanza," alisema. "Maneno ya mpunga yasemewe mbele ya mpunga."

Walifuatana, Nirupoma nyuma polepole. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Kona moja ya shamba masuke yalikuwa yameanza kuchomoza. Kwingine mpunga ulikuwa bado na mimba, mashina yamevimba. Ardhi ilikuwa kavu, imeanza kupasuka.

"Maji yako wapi, kaka Haripodo?"

"Nimeyatoa. Zamu yangu ya pampu nimempa binamu yangu Onil. Mpunga ukishika mimba, maji ya nini? Baba alifanya hivi, babu alifanya hivi. Huku kwetu maji ndiyo adui. Mafuriko yametuzamisha mara ngapi?"

Afroza hakumcheka. Alichuma suke moja, akafungua ua dogo kwa ukucha.

"Unaviona hivi vifuko vya manjano? Ndani mna unga. Unaitwa chavua. Unga huu ukiangukia hapa katikati, punje inatunga. Chavua ikiwa imekufa, mnapata mapepe."

Nirupoma aliinama kadiri tumbo lilivyomruhusu. Miaka yote aliyopanda mpunga, hakuwahi kuliona ua lake.

"Na homoni?" Haripodo aliuliza. "Mwenye duka kanidanganya?"

"Homoni zipo kweli, na mpunga unazitengeneza wenyewe. Mpunga hauna mdomo, eti? Kwa hiyo mizizi, majani na maua hupelekana habari kwa homoni. Kuna homoni inayoviambia vifuko hivi: ilisheni chavua, ikomae. Nyingine inaisaidia kuvumilia joto. Jua likizidi, homoni hizo hupungua."

"Na kiu je?" Nirupoma aliuliza.

"Umelipata, dada! Mpunga ukishikwa na kiu, hutoa homoni nyingine kwa wingi. Hiyo inasema: fungeni vitundu vya majani, tusipoteze maji. Vitundu vikifungwa, mpunga hautoi jasho. Asiyetoa jasho hapoi. Basi joto linapanda humo ndani, na chavua inakufa."

Haripodo alitazama ufa uliokuwa miguuni pake. "Kumbe mwaka jana..."

"Mwaka jana upepo wa moto uliukuta mpunga una kiu."

Haripodo alikaa chini juu ya tuta, bomba mgongoni vilevile. "Mimi ndiye niliyeuua," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Nirupoma alimwonea huruma sana. Alimshika bega. Afroza naye akachuchumaa mbele yake.

"Usijilaumu, kaka. Baba yangu alitoa maji hivyohivyo hadi anakufa, na alikuwa mkulima hodari. Maji ya mafuriko ni adui, hilo kweli. Maji ya kina cha vidole vitatu ni rafiki. Yajaze sasa, yakae mpaka punje zianze kuwa ngumu. Mpunga ukinywa, utatoa jasho, utapoa, na homoni zake zitafanya kazi. Joto likipita kiasi, mapepe mengine yatakuwepo. Lakini hutapoteza shamba."

"Na hii chupa?"

"Watafiti wanazijaribu homoni za kunyunyizia. Zinataka kipimo. Ukizidisha, unaharibu. Hii hatujui ina nini, usiitumie. Tena saa hizi ndipo maua yanapofunguka. Ukinyunyiza kitu chochote sasa, unaosha chavua. Hata dawa halali, isubiri jioni."

Haripodo alikwenda mbio kwenye pampu. Onil alikuwa amelala kivulini, maji yakimiminika kuelekea shambani kwake.

"Nirudishie zamu yangu, ndugu yangu."

Onil alifungua jicho moja. "Hee! Si wewe uliyesema maji yanaozesha mpunga? Leo umekuwa bata? Zamu ulinipa mbele ya watu. Rudi wiki ijayo."

Haripodo alirudi nyumbani kichwa chini, akawasimulia. Wiki ijayo! Wiki ijayo shamba zima lingekuwa linachanua. Nirupoma aliutazama mkoba wa bluu, machozi yakamtoka.

Ndipo Kironbala alipozima moto. Alipanga vitumbua kwenye sahani ya shaba, akajifunika kichwa vizuri kwa ncha ya sari, akatoka. Hakuaga mtu. Ikabidi Haripodo na Nirupoma wamfuate.

"Onil," alisema alipofika kwenye pampu. "Amka ule."

Onil aliamka upesi. "Mama mkubwa! Vya nini hivi?"

"Ni vya mwenye mimba. Kijijini nilikozaliwa, mpunga ukiwa na tumbo tulikuwa tunaulisha kama mwanamke. Tulikwenda shambani na sahani, tukauambia: mama, kula. Nilipoolewa huku mlinicheka, nikaacha." Alinyoosha kidole shambani. "Mama yako alipokuwa na mimba yako, kiu haikumwisha. Nani alimchotea maji?"

Onil alikuna kisogo. "Wewe, mama mkubwa."

"Nilimwambia arudi wiki ijayo?"

Hata Haripodo alicheka. Onil alitafuna kitumbua polepole, huku akiangalia nyufa za shamba la binamu yake.

"Nusu siku yenu, nusu siku yangu," alisema mwishowe. "Tangu leo. Na vitumbua viwe vinakuja."

Mchana huohuo maji yaliingia. Nirupoma alikaa kwenye tuta akiyasikiliza yakinywewa na nyufa. Kila siku Haripodo alipima kwa vidole vitatu.

Siku ya sita upepo wa moto ukaja. Ulivuma kutoka magharibi, vumbi likafunika jua. Ng'ombe walikataa kula, na Haripodo naye hakula. Alisimama shambani hadi jioni, maji na tope vikimfika juu kidogo ya vifundo vya miguu, kana kwamba angeweza kuukinga mpunga kwa mwili wake.

Baada ya hapo ilibaki kungoja, na kungoja kunachosha kuliko jembe.

Siku ya kumi na mbili Nirupoma aliminya punje moja. Maziwa meupe yakamtoka kidoleni. Aliminya nyingine. Maziwa! Aliita kwa sauti hadi Onil akatoka mbio, akidhani uchungu umemshika.

Masuke yaliinama shamba zima, isipokuwa kona moja iliyoinuka ambako maji hayakufika. Pale masuke yalisimama meupe kama ya mwaka jana. Haripodo aliiacha kona ile bila kuikata, akawaita majirani waje waione kwa macho yao.

Walipopepeta, mapepe yalikuwepo, lakini vihenge vilijaa hadi mdomoni.

Mtoto alizaliwa usiku wa mvua kubwa, bonde limeshageuka ziwa. Haripodo ndiye aliyepiga kasia kwenda kumleta mkunga. Ndiye pia aliyempokea mtoto akiwa bado na joto la mama yake. Alikuwa wa kike.

Asubuhi Kironbala aliutungua mkoba wa bluu. Aliukung'uta vumbi la Dhaka, akaujaza mbegu nzito za mwaka ule, akaukaza kamba.

Haripodo aligeuka kutoka kitandani, binti mikononi. "Mama, sasa mimi nikitaka kusafiri nibebe nini?"

"Huyo uliyemshika," alisema Kironbala.