Wembe wa Kiti cha Tatu

Harufu ilianza Jumatatu asubuhi, harufu ya karafuu na pombe kali, kutoka ndani ya droo ya vijiko. Leotis Gaines aliinusa kabla hajaivuta droo. Wembe aliouficha humo alikuwa ameukausha na kuupaka mafuta, lakini sasa ulikuwa umelowa, na povu la sabuni limeganda kwenye bawaba. Aliufuta upesi kwa shati lake, maana mkewe Marvella alikuwa anakuja kutafuta kijiko cha kahawa. Ungekuwa wembe wake mwenyewe, Leotis angemwuliza kama ameugusa. Haukuwa wake.

Leotis alikuwa na miaka arobaini na moja. Kiwanda cha chuma kilipofungwa pale Youngstown, alikwenda kujifunza unyozi kwa Mzee Hosea Tibbs, akawa anafagia nywele mbele ya vijana wa kuwazaa. Duka la Hosea lilikuwa na sheria moja: hupewi kiti mpaka unoe wembe wa kukunja kwa mkono wako, kisha umnyoe nao mwenye duka. Leotis alinunua wake kwenye vitu vikuukuu, mpini mweusi, pengo dogo karibu na ncha, akahangaika nao miezi mitatu. Aliinua mgongo wa wembe pale alipotakiwa kuulaza juu ya kinoo, na makali kidogo aliyoyapata aliyaua mwenyewe kwa kuukandamiza mno kwenye ukanda wa ngozi. Kila Jumamosi walimpa unywele mmoja aushike juu na kuugusisha makali. Unywele ulipinda tu.

"Huo kapakie siagi, babu mwanafunzi," alisema Dez, kinyozi wa kiti cha pili. "Na siagi yenyewe iwe imeyeyuka."

Watu walicheka. Leotis naye alicheka, kisha akaenda chooni akafungua bomba ili wasimsikie analia.

Jumamosi iliyofuata alifungua duka peke yake. Kiti cha tatu kilikuwa cha marehemu Otha Bell, mtu wa mashoto aliyenukia karafuu daima, aliyezikwa mwezi Machi, na tangu hapo hakuna aliyekikalia. Kwenye droo yake, ndani ya kitambaa, Leotis alikuta wembe wenye mpini mweusi na herufi O.B. kwenye shina, pale chuma kinapoingia mpini. Alijaribu unywele mmoja tu. Ulianguka kabla hajauona ukigusa.

Alizifunika zile herufi kwa uzi, na wembe wake mwenyewe akaenda kuutupa mtoni. Mchana unywele ulikatika mbele ya duka zima, Dez akampa mkono, na Hosea akasema, "Jumamosi ijayo utaninyoa mimi." Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na siku saba.

Jumanne alisikia ukanda wa ngozi ukifanya kazi bafuni, shwaa, shwaa, taratibu kama wa mtu asiye na haraka, wakati nyumba ile haikuwa na ukanda. Jumatano alijinyoa ili kujizoeza, na wembe ukateleza vizuri hata akasahau hofu. Marvella alikuwa amesimama mlangoni.

"Tangu lini wewe unatumia mashoto?" aliuliza.

Leotis alitazama. Wembe ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Fundi hutumia yote miwili," alisema.

"Nimewaambia kanisani. Mama naye anakuja Jumamosi kukuona." Akamfuta povu sikioni. "Nilijua utaweza, Leo."

Hapo ndipo angesema. Badala yake akainama akaosha sinki ambalo lilikuwa safi.

Jumamosi duka lilijaa. Marvella na mama yake walikaa dirishani wamevaa kofia zao za ibada. Hosea alilala kitini, kichwa nyuma, povu mpaka kooni. Leotis alianza kwa mkono wa kulia, lakini hakufika mbali, kwa sababu wembe ulihamia kushoto bila yeye kuuhamisha, na mkono ule wa kushoto, ambao haukuwahi kushika hata nyundo, ukalisafisha shavu moja la mzee kwa mapito marefu yasiyo na shaka, huku watu wakinong'ona kwamba tangu Otha hawajaona kunyoa kwa namna hiyo, na harufu ya karafuu ikizidi, na pumzi baridi ikimpuliza nyuma ya sikio, mpaka makali yakafika chini ya taya, pale mshipa unapopiga, yakasimama, yakaanza kukandamiza.

"Mzee," alinong'ona Leotis, "usitikisike."

"Kuna nini?"

"Mkono si wangu."

Sikioni mwake kitu kilisema neno moja. Sema.

Alimtazama Marvella. Bado alikuwa anatabasamu.

"Niliuiba," Leotis alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Wembe huu ni wa Otha. Sikunoa kitu. Nimewadanganya wote."

Mkono ulilegea ukashuka, mzito na baridi. Hosea aliketi polepole akipapasa koo.

"Otha nilimvisha suti mimi," alisema. "Wembe wake niliutia mfukoni mwake kabla jeneza halijafungwa."

Leotis alifungua kiganja. Uzi ulikuwa umefunguka, na chini yake hapakuwa na herufi. Karibu na ncha palikuwa na pengo, na bawaba ilijaa tope la mtoni. Aliugusisha kwenye shavu la pili, nao ukang'ang'ania ndevu mpaka mzee akafumba macho.

Mama mkwe alitoka. Marvella alibaki, akitazama viatu vyake.

"Kinoo kile pale," alisema Hosea. "Sitembei mtaani na nusu ndevu. Nitakungoja."

Leotis aliketi mbele ya kinoo, mgongo kwa watu. Laiti wangecheka. Kulisaga lile pengo mpaka liishe kulichukua hadi saa tisa alasiri, unywele wa kwanza ukapinda, wa pili ukapinda, wa tano ukaanguka. Alipaka povu upya akanyoa shavu lililobaki kwa mkono wa kulia.

"Huu unauma," alisema Hosea.

"Ndiyo, mzee," alisema Leotis. "Huu ni wangu."