Kengele Iliyofungwa Leso

Muhamadi na mkewe Rehemah wana kinu kikubwa cha posho huko Nateete, jirani na soko. Kina transfoma yake na mota mbili. Muhamadi humimina mahindi. Rehemah husimama kwenye mota ya pili, akikinga unga.

Jumanne moja kengele ya umeme ukutani ilianza kulia. Muhamadi aliangalia mota. Zote zilikuwa zinazunguka. Basi akapanda kwenye kiti, akaifunga kengele kwa leso ya mkewe. Jamani, kengele inamwita, yeye anaiziba mdomo.

"Imeharibika hii," alisema. "Kama kuna shida, si mashine ingezima?"

"Na leso yangu ndiyo umeona ya kufungia?" Rehemah alimjibu kwa hasira.

Adhuhuri Bibiane alikuja kununua unga. Ni jirani yao kutoka Kongo, fundi wa umeme wa viwandani. Aliiona leso.

"Baba Sumayiya, ile ni nini?" alimwuliza Muhamadi.

"Kelele tu, Mama Tresor. Mashine iko inasaga."

Bibiane alishusha pumzi. Maneno haya amekwisha kuyasema kwa wenye mashine wengi mpaka yamemchosha.

"Kwa transfoma yenu kuna rizista. Inazuia umeme usikimbie na nguvu kwa ardhi. Waya moja ikigusa chuma, mashine haizimi. Kengele inalia, mutafute ile waya mapema. Waya nyingine ikigusa pia, umeme unapita kwa nguvu yote. Hapo inalipuka."

"Nitatafuta jioni. Shule inangoja unga."

Rehemah hakungoja jioni. Alikwenda kwenye swichi kubwa, akazima. Wateja wakanung'unika.

"Nung'unikeni," alisema. "Anayesimama pale ni mimi."

Bibiane aliipiga swichi kufuli. Akapima kuhakikisha umeme umekatika kweli, ndipo akafungua mota. Kwenye mota ya kwanza, waya ulikuwa umechubuka na kugusa chuma. Akafungua kisanduku cha rizista kwenye transfoma.

"Nani ameweka waya tupu hapa?"

"Mimi," alisema Muhamadi. "Si inaenda kwa ardhi?"

"Hii inatoka kwa transfoma. Mota ikiwa na shida, inabeba umeme wa kuua. Ivae mpira mpaka kwa rizista. Na vyuma vyote vya mota vifungwe waya za ardhi. Kengele ikilia, zimeni, mutafute."

Mwisho akapima mota ya pili. Alirudia kupima, akatikisa kichwa.

"Hii pia imekwisha. Waya za ndani zimechakaa; ilibaki kidogo ziguse chuma, ilipuke."

Muhamadi alimtazama mkewe, unga umemjaa mpaka viwikoni. Aliogopa sana. Akakaa juu ya gunia.

Waya zilibadilishwa, na mota ya pili ikapelekwa kusukwa upya waya za ndani. Unga wa shule ulichelewa. Mwalimu mkuu alipiga simu, akafoka weee. Muhamadi alimwacha amalize.

"Mke wangu mzima, mwalimu," alisema. "Unga utapata Ijumaa."