Kisutu Kilichopindwa

"Hiki nini, Bi Nana?"

Bi Mwanamize alikishika kile kisutu kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake. Wanawake chumbani wakasogea kutazama.

"Ni kisutu cha mwari wetu, dada yangu."

"Kisutu nakijua. Nakuuliza hili pindo."

Bi Nana akatazama, na uso ukamshuka. Pale Shela, Malindi, kisutu cha posa, leso nyekundu ya bibi harusi, huletwa kama kilivyotoka dukani: vipande viwili vimeshikana, havijakatwa wala kupindwa. Hiki kilikatwa zamani, kikapindwa kwa mkono, na wekundu wake ulikuwa umefifia kwa kufuliwa.

"Kimeshavaliwa hiki," alisema Bi Mwanamize. "Mwataka kutwambia mtoto wetu naye ni mtumba?"

"Wallahi sicho nilichofunga! Mimi nilinunua kipya, nikakitia mkobani kwa mikono yangu."

"Basi kimezeekea njiani."

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakajizuia.

"Chukua halua yako na udi wako. Na mwanao akitaka mke wa kuchagua kwenye rundo, arudi kwenye mitumba ya Kongowea."

Nyuma ya pazia, Zakiya, mwenye kuposwa, alisikia kila neno. Bi Mwanamize ndiye shangazi aliyemlea. Akishafunga mlango, ni nadra kuufungua.

Simu ya Alamin iliita akiwa dukani kwake, nyuma ya soko la Malindi, baina ya magauni ya kale na bangili za fedha.

"Alamin, umefanya nini kwenye mkoba wangu?"

"Nimewabadilishia, mama. Kile chako kila duka lauza. Kile changu ni cha kale, hakichapwi tena viwandani! Watalii wamenibembeleza, sikuwauzia. Wamefurahi?"

"Wamenifukuza."

"Wamefanya nini?"

"Umenivua nguo mbele za watu, mwanangu. Nimetoka na sinia yangu kichwani kama mchuuzi asiyeuza."

"Hawajui thamani hao! Mtu anatoa kitu bora alicho nacho, anatupiwa usoni? Mimi siombi radhi kwa hilo. Siombi!"

Bi Nana alikata simu.

Alamin alikuwa na ulimi wa moto na mkono wa beti, ufundi aliojifunza peke yake, bila mwalimu. Akamwandikia Zakiya:

"Nilileta cha thamani, mwanirudishia kwani?
Kitu hakipatikani, mjini wala sokoni."

Jibu lilikuja upesi.

"Mizani imetimia. Samahani haimo."

Akampigia.

"Zakiya, hata wewe?"

"Ulijua kimevaliwa?"

"Nilijua. Si wewe unayependa vya kale? Tulijuana vipi mimi na wewe?"

Walijuana soko la Kongowea, Mombasa. Robota la mitumba lilikuwa limefunguliwa na watu wamelivamia. Zakiya alishika mkono mmoja wa gauni, Alamin akashika wa pili, na hakuna aliyeachia. Zakiya alikuwa mshonaji, akitafuta nguo za zamani za bei nafuu azirudishie uhai. Gauni lilimwendea yeye, Alamin akapata nambari ya simu. Tangu hapo alimfundisha kuchagua: zipu iwe ya chuma, kitambaa ukisugue karibu na sikio ukisikilize, bangili uipime kwa uzito kiganjani. Mkononi hadi leo Zakiya alivaa bangili ya fedha aliyochaguliwa na Alamin kwenye kikapu cha mapambo yaliyopotezana.

"Na kitu cha kwanza ulichonifundisha ni kipi?" Zakiya aliuliza.

Alamin alianza kuzipanga upya bangili mezani.

"Ulisema, tazama pindo kwanza. Pindo ndilo lisemalo nguo ilikopita. Basi shangazi alitazama pindo. Ulitaka afumbe macho?"

"Nilitaka uvae kitu ambacho mwingine hana."

"Gauni nitavaa la yeyote. Kisutu changu nilitaka nikikate mwenyewe."

"Hukuniambia."

"Mambo haya mama yako ayajua, na yeye ndiye aliyekuwa na mkoba. Sikiliza. Shangazi asema msiporudi kuomba radhi kufikia Ijumaa, atamjibu yule mtu wa Lamu aliyeleta posa naye."

"Amjibu! Na mimi nitamletea kisutu cha kale ambacho hakijakatwa, awe hana la kusema."

"Hasira ndizo unazoniposea?"

Simu ikakatika, au alikata.

Kesho yake Alamin alikuwa Kongowea tangu asubuhi, akipindua marundo. Priscilla wa Mtwapa, muuzaji ambaye humwekea nguo za mwanzo kila robota likifunguliwa, alimtazama akitokwa na jasho.

"Watafuta nini hivyo, kaka?"

"Leso ya zamani. Kisutu. Kisiwe kimekatwa."

Priscilla alicheka mpaka akashika meza.

"Huku? Kaka, kila kitu huku kina mtu aliyetangulia. Ndiyo maana kiko huku!"

"Lazima kiweko kimoja."

"Hata kikiweko. Wewe watafuta mke ama watafuta kushinda?"

Alamin akamwambia ashughulike na meza yake. Kisha simu ikalia. Ni mama yake, akiuliza kama amekula.

"Mbona wahema, mama? Uko wapi?"

"Naenda dukani kununua sukari. Nimezungukia nyuma, kwenye majani."

"Kwa nini nyuma?"

"Mbele kuna watu."

Alamin alisimama na gauni mkononi. Bi Nana hajawahi kupita nyuma ya nyumba za watu kwa aibu. Taratibu akalirudisha gauni juu ya rundo.

"Mama, nisamehe. Kile ulichonunua nimekificha chini ya meza ya duka. Nakileta. Twende pamoja, kwa njia ya mbele."

Ijumaa baada ya swala walipita mbele, sinia kichwani kwa Bi Nana, na kila aliyewasalimu akajibiwa. Alamin aliyashika maneno yake kwa meno mpaka mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umekuja na mashairi?"

"Nimekuja na samahani. Mama hana kosa. Nilibadilisha mimi, nikamwaibisha yeye na kuwatukana nyinyi. Nisameheni."

Bi Mwanamize alikikunjua kisutu kipya. Alipitisha kidole kwenye ukingo wote, hakuna pindo. Wanga bado umekikaza.

"Zakiya! Njoo na mkasi wako."

Pazia likasogea. Bi Nana akaanza kulia, akapiga kigelegele humohumo katikati ya machozi.

"Na kile kikuukuu kiko wapi?" aliuliza Bi Mwanamize.

"Nimekirudisha dukani, shangazi. Nitakiuza."

"Uuze una wazimu? Leso laini hivyo itapatikana wapi? Mtoto mchanga huviringishwa kwa leso mpya yenye wanga, imchune?"

Alamin alitazama chini.

"Tatizo lako, mwanangu, ulileta leso ya mtoto kabla ya ya mama yake. Ilete. Nitaitia sandukuni."

Nyuma yake Zakiya alikuwa amekwisha kupata katikati ya kile kisutu. Mkasi ukasikika ukipita kwenye kitambaa, na bangili ikigonga meza.