Viatu vya Miguu Mikubwa

Kaunta ya vifurushi ilifurika watu. Muuza viatu, dada mrefu aliyevaa gauni la bluu lililofagia sakafu, alikuwa akibeba maboksi yaliyorudishwa na wateja wake wa mtandaoni. La juu likamponyoka. Kaka mmoja mwenye shati jeupe akalidaka.

"Mbona wanakurudishia, dada?"

"Wanaagiza bila kusoma namba. Tangazo langu linabofywa kutwa, kila mbofyo nalipia mimi, faida siioni."

"Kazi yangu hiyo, matangazo. Unauza namba ngapi?"

"Arobaini na mbili kwenda juu," akajibu kwa sauti ya chini.

Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kila jioni. Kaka alimwita Twiga wangu, naye alicheka, urefu alishauzoea. Miguu ndiyo aliyoificha maisha yake yote.

Siku alipoona tangazo jipya aliloandikiwa na kaka, "Viatu vya kike vya miguu mikubwa", uso ulimwaka moto. Akapiga simu.

"Kumbe muda wote ulikuwa unaniangalia miguu!"

"Mpenzi, nataka wabofye wanaokuhitaji tu. Wengine wapite."

"Wewe ndiye upite. Usinipigie tena."

Tangazo hakulifuta, hata kulitazama hakutaka. Mibofyo ikapungua, mauzo yakapanda, viatu vikaacha kurudi. Wanawake wakaanza kumpigia. Mmoja, mwalimu, alishindwa kujizuia kulia.

"Siku ya harusi yangu nilivaa ndala za mume wangu chini ya gauni, mdogo wangu. Nilidhani niko peke yangu."

Muuza viatu akakata simu. Duka limeshamiri, na hana wa kumwambia. Akaitafuta namba ya kaka.

"Tangazo linalipa," akasema.

"Nimefurahi," kaka akajibu. "Lakini nimehamia mji mwingine, Twiga. Mkataba wa miaka miwili. Nilikuja kukuaga, hukufungua."

"Nilikuwa ndani."

"Najua. Nilisikia unazima redio."

Machozi yakamtoka. "Nisamehe. Niliona aibu."

"Nami nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kuandika."

"Ukirudi likizo, nitafungua."

"Nisije nikakuta kuna mwingine ndani."

"Hutamkuta."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu. Wakasikilizana wakipumua, kila mtu mjini kwake, mpaka salio likaisha.