Corinne na Tasnifu Iliyokawia

Kila asubuhi Corinne Halvorson alimnywesha baba yake kahawa, funda moja moja. Kisha alitoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, akaenda chuo. Baridi ya Saskatchewan, jimbo la Kanada, ilikuwa ya kukata masikio. Ndani ya nyumba nako hakukuwa na nafuu. Mapafu ya baba yake, mzee Orrin, yalikuwa yamechoka, na daktari alikuwa amesema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu.

Corinne alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya hisabati halisi. Hiyo ni hisabati ya kuthibitisha: hutoi jibu tu, unaonyesha kwa nini haliwezi kuwa jingine. Alikuwa amefaulu masomo yote yaliyotakiwa. Sasa alikuwa amebakiza tasnifu, yaani andiko refu ambalo angelitetea mbele ya wataalamu.

"Unamaliza lini?" mzee aliuliza.

"Mei, Baba."

"Fanya haraka basi. Mama yako ananiita kutoka kaburini, na unajua hapendi kusubiri."

"Mwambie avumilie kidogo," Corinne alisema. Wakacheka, mzee akakohoa.

Mwezi wa Februari Corinne alifungua kompyuta akakutana na makala ya mtu wa nchi ya mbali. Mtu huyo alikuwa amethibitisha jambo lilelile ambalo Corinne alikuwa amelihangaikia mwaka mzima. Tena kwa kurasa chache, na kwa ufundi zaidi. Corinne aliisoma makala yote. Kisha akafunga kompyuta.

Hakumwambia mtu. Aliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi, lakini chuoni hakufika. Aliegesha gari nyuma ya maghala ya ngano, akakaa humo mpaka jioni. Profesa Kroeker, msimamizi wake, aliandika, akapiga simu. Corinne aliacha simu iite. Februari ikaisha, Machi ikapita.

Siku moja kioo cha gari kiligongwa. Alikuwa jirani yao, Delphine Gaudet, mwalimu wa sekondari, aliyelitambua gari alipokuwa akipita. Zamani naye alisomea shahada kama hiyo.

"Wewe! Mbona umejikunyata humu kama mwizi anayevizia?"

Corinne aliangua kilio. Akaeleza yote. "Nimetanguliwa, Bi Delphine. Kazi yangu si mpya tena. Nimekwisha."

"Nani kakwambia ni lazima iwe mpya?"

"Si ndiyo tasnifu?"

"Hiyo ni ya uzamivu, ile shahada ya juu zaidi. Kwenye uzamili, idara nyingi zinataka uonyeshe kwamba umeelewa. Unaweza kuchukua jambo lililokwisha kuthibitishwa, ukalieleza vizuri, ukaziba mapengo, ukatoa mifano yako. Mimi hata tasnifu sikuandika. Nilichukua masomo ya ziada, nikafanya mtihani mkubwa mwishoni. Ila kila chuo kina masharti yake. Mwongozo wa idara yenu umeusoma?"

"Siku ya kwanza. Niliupitia juujuu."

"Haya, washa gari. Nenda kamwone msimamizi wako sasa hivi."

Profesa Kroeker alimvutia kiti. "Nilidhani umekufa," alisema. Akafungua mwongozo, akamwonyesha. Delphine alikuwa amesema kweli: tasnifu ya maelezo ilikubaliwa.

"Kwa hiyo Mei bado inawezekana?" Corinne aliuliza.

"Hapana. Jopo la wataalamu lazima lipate andiko wiki kadhaa kabla ya utetezi, na tarehe imepita. Ungekuja siku ileile uliyoiona makala, ningekwambia haya haya, na Mei ungemaliza. Sasa ni Agosti."

Jioni hiyo alimweleza baba yake ukweli.

"Nilijua kuna jambo," mzee alisema. "Zamani ulikuwa ukirudi umechoka. Siku hizi unarudi na huzuni tu."

"Nisamehe, Baba."

"Kaa hapa. Nieleze mimi hiyo tasnifu."

Kuanzia hapo Corinne alimsomea kila alichoandika. Mzee alikuwa fundi wa matrekta, na maswali yake hayakuwa na huruma. "Hapo umeruka," alisema. "Umetoka wapi mpaka ukafika huko?" Corinne alirudi, akaandika upya.

Mzee Orrin alifariki Julai. Sura ya mwisho hakuisikia.

Agosti Corinne alisimama mbele ya jopo la watu watatu. Walimuuliza, akajibu. Walimwomba asubiri nje wajadiliane, wakamwita tena. Masahihisho yalikuwa madogo. Alikuwa amefaulu. Alirudi kwenye nyumba tupu, na Delphine alikaa naye jikoni.

Majira ya kupukutika majani alipata kazi ya kufundisha katika chuo kidogo cha mji huo. Siku ya kwanza, kabla ya kugusa chaki, aliwaambia wanafunzi wafungue mwongozo wa masomo. Waliusoma pamoja kwa sauti, sharti baada ya sharti. Wengine walipiga miayo.

"Mkikwama, njooni siku hiyohiyo," aliwaambia. "Mimi nilijificha. Shahada ilinisubiri. Baba yangu hakuweza."

Hakuna aliyepiga mwayo tena. Corinne akageukia ubao, akaanza somo.