Salamu Iliyokwamisha Faili

Walikutana kwenye lifti ya hospitali, imejaa mpaka mlango unagoma kufunga. Dada wa kitengo cha kompyuta alikuwa na gauni la njano, amekumbatia mashine nzito kifuani. Kijana mmoja mwenye shati lililonyooshwa likanyooka akamwambia, "Dada, mmoja wenu ashuke, na huyo uliyembeba hana miguu." Watu wakacheka. Lakini akashuka kijana mwenyewe, akapanda ngazi mbio, akamkuta dada juu. Kumbe ndiye fundi mpya wa seva, zile kompyuta kuu zinazotunza kumbukumbu za hospitali.

Wakapendana hadi hospitali nzima ikajua. Fundi akamtegea salamu kwenye seva ya hospitali. Kila dada akiingia kwa jina lake, kabla ya lolote, inamwandikia, "Umeamkaje, roho yangu?"

Kisha fundi akapata kazi mji wa mbali, na ugomvi ukazuka. "Nenda!" dada akafoka. "Leo leo nafuta kila kitu chako!" Hakufuta hata herufi. Akangoja simu, simu haikuja, naye kwa kiburi chake hakupiga.

Mwaka uliofuata seva ile ikaanza kukoroma. Kumbukumbu za wagonjwa zilitakiwa zihamie seva mpya kabla ya diski kufa. Zote mbili zilitumia mfumo wa Unix, lakini kila moja ya kampuni yake. Kuingia anaingia vizuri, akinakili faili zinakataa. Akabadili ruhusa, akabadili nywila, wapi! Mkuu wake anamhemea shingoni. Mwishowe akapiga namba ya fundi, aliyoijua kwa moyo.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Kuna nini?"

Akaeleza.

"Ukiwa kwenye seva mpya, itume ile ya zamani amri ndogo tu, ikutajie tarehe. Nisomee yote inayojibu."

Akasoma kabla hajajizuia. "Umeamkaje, roho yangu. Halafu tarehe."

Fundi akaitambua. "Hiyo ndiyo inayokwamisha. Seva mpya inangoja faili, inapewa salamu. Haielewi, inakata." Kisha akauliza, "Kwani hukuifuta?"

"Nilisema kwa hasira tu."

"Mimi nilikuamini."

"Ungepiga hata mara moja!"

"Nimpigie mtu aliyeapa kunifuta? Nilijua sina changu tena."

"Basi sasa umejua. Rudi."

"Roho..." Akajikatiza. "Dada. Nimeshaposa. Ndoa ni Jumamosi."

Fundi ndiye aliyekata simu, taratibu, baada ya kumwambia pole.

"Kasemaje?" mkuu akauliza.

"Kasema nifute mstari mmoja."

Akaufuta mstari wa salamu. Akarudia amri, na faili zikaanza kupita, moja baada ya nyingine, bila kikwazo chochote. Dada alizitazama huku machozi yakimdondokea kwenye kibodi, asiweze kuyazuia.

Mkuu hakuyaona. Alimpiga begani kwa furaha, akicheka. "Kumbe kitu chenyewe kidogo hivi! Sasa kwa nini hukumpigia mapema?"