Pete ya Bomba la Mweiga

"Ndugu yako atalelewa na nani siku ukichoka?" jirani aliwahi kumuuliza Wachuka pale Gatitu. Wachuka alijibu kwamba Ben ni mtoto wake tangu mama yao azikwe. Hakuchoka. Hata Ben alipoingia genge la Mutahi, alimfuata humo humo ili amchunge.

Saa moja asubuhi. Chumba cha nyuma ya bucha. Mutahi alichora mezani kwa mkaa bomba la kiwanda cha maziwa cha Mweiga, likiwa na pete ya kupimia.

"Hii pete inaona maziwa ndani ya chuma bila kutoboa. Kuna mtu Nanyuki anaitaka. Saa nne kiwanda yote inaenda chai, hata askari. Hapo bomba inajiosha na maji moto ya dawa. Ikiwa tupu, Ben anafungua kiungo, pete inatoka."

"Na tutajua aje iko tupu?" Ben aliuliza.

"Dada yako anafagia huko. Anajua kusoma kioo cha hiyo pete."

Alikijua. Bluu, bomba limejaa. Nyeusi, ni hewa.

"Ati utaniunguza, Wachuka?" Ben alicheka.

"Wacha mchezo. Ngoja niseme ndiyo."

Saa nne na dakika tano. Kiwandani hakuna mtu. Ben ameshika spana. Kioo ni bluu.

"Bado."

Saa nne na kumi. Bluu.

"Bado, Ben."

"Chai inaisha!" Mutahi alifoka. Akainama nyuma ya bomba.

Kioo kikawa cheusi.

"Ndiyo," Wachuka akasema.

Ben alilegeza kiungo. Maji yanayochemka yalimrukia usoni na kifuani. Alipiga ukelele mmoja tu, jina la dada yake. Yalipopungua, Mutahi, ambaye peke yake alikuwa amevaa gambuti za mpira na glavu, akachomoa pete. Akamkokota Wachuka hadi kwenye pikapu.

"Ben!"

"Yeye watampeleka hospitali. Sisi watatupeleka wapi?"

Saa sita. Bucha. Mfagiaji mwenzake alimpigia Wachuka simu akilia. Ben hakufika hospitali ya Nyeri akiwa hai.

Mutahi alikuwa akipangusa pete.

"Kioo kilikuwa cheusi," Wachuka alisema polepole. "Nilikiona na macho yangu."

"Nilichomoa waya ya kioo. Vile ulikuwa unamdekeza, tungekaa huko mpaka jioni."

 Wachuka akavua aproni ya kiwanda, akaikunja, akaiweka mezani. Kisha akatoka, akashika barabara ya kituo cha polisi.